Tusisingizie uzee: Kisukari na maradhi ya kusahau

 

Mwalimu aliyenisomesha Juzuu Amma alikuwa hakosei hata irabu. Miaka ya mwisho ya uhai wake nilikwenda kumjulia hali, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu. Hatujamaliza kahawa, akaniuliza tena. Watu wa nyumbani wakasema, "Uzee tu huo, ustadh, mzee kala chumvi nyingi." Nami nikaitikia, nikaaga. Tangu nikiwa mwanafunzi wake tulikuwa tukimwona akimeza vidonge vya kisukari kabla ya darsa, na akivishushia kwa chai tamu kweli kweli. Haikunipitikia hata siku moja kuyatazama mambo hayo mawili pamoja. Sisemi kwa yakini kwamba hili ndilo lililoleta lile. Hilo analijua Allah. Nasema sikuuliza.

Ndugu zangu Waislamu, Qur'an imetutajia hali hii. Katika Surat An-Nahl (16:70) tunaelezwa kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhalili, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah asifikishwe huko. Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani hakuna maradhi yasiyowekewa dawa, isipokuwa moja: ukongwe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojificha. Tunauchukua huo msamaha wa ukongwe na kuwavika maradhi. Lakini maradhi ya kusahau yaliyopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906, si uzee. Wazee wengi wanafika miaka 90 na akili zao timamu. Na wanaoyapata, ubongo wao huanza kuharibika miaka mingi kabla ya mtu kusahau jina la mwanawe, yaani katika umri tulio nao mimi na wewe msomaji.

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la JAMA Neurology lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Auriel Willette wa Chuo Kikuu cha Iowa State na Barbara Bendlin wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walichukua watu 150, wastani wa umri wao kiasi cha miaka 60, wenye akili zao, na wengi wao hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Walidungwa sukari yenye mionzi kidogo, kisha wakalazwa kwenye mashine ya PET, ambayo hupiga picha ikaonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayoila sukari hiyo na ipi inayoisusa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni hiyo sukari ya damu.

Wakaona nini? Wale wenye usugu wa insulini, yaani mwili unaitoa homoni hiyo lakini seli haziitikii wito wake, ubongo wao ulikula sukari kidogo zaidi, hasa katika sehemu ya ndani, upande wa kushoto, inayohusika na kumbukumbu. Na kadiri sehemu hiyo ilivyokula kidogo, ndivyo walivyokuwa dhaifu katika majaribio ya kukumbuka. Usugu huo ndio njia ya kuelekea kisukari cha aina ya pili. Mtu ameshiba mpaka anapumua kwa shida, kumbe ubongo wake unasusa chakula!

Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Mayo Clinic, huko Minnesota, walitazama picha za MRI za wazee zaidi ya 1,400. Waliopata kisukari katika umri wa makamo, kati ya miaka 40 na 64, ubongo wao ulikuwa mdogo kwa wastani wa asilimia 2.9 kuliko wa wasio nacho. Na Uingereza, watumishi wa serikali waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa walionyesha, katika ripoti ya mwaka 2021, kwamba kadiri kisukari kinapoanza mapema ndivyo hatari ya kupoteza kumbukumbu inavyozidi.

Tafiti hizi zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazisemi kila mwenye kisukari atasahau. Asitokee mtu akamwambia mgonjwa kwamba amejitakia. Wapo wanaokirithi, na mgonjwa ana haki ya kuombewa dua, si kuhukumiwa. Wala tusitegemee vidonge peke yake: utafiti wa ACCORD-MIND wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kuishusha sukari kwa nguvu zaidi kwa waliokwisha kuugua hakukuwapa kumbukumbu bora kuliko wenzao. Kwa hiyo mwenye nafasi kubwa ni yule ambaye bado hajaugua.

Naye tunamjua. Ni yule anayefuturu kaimati, tambi na juisi, kisha akaenda kwenye pilau. Ni yule anayekaa dukani tangu asubuhi, na msikiti ulio mtaa wa pili anaupandia pikipiki. Hadithi ya theluthi tatu za tumbo, chakula, maji na pumzi, anaijua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Na anajua pia kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa mwili wake aliuchakaza katika nini.

Namsema, lakini namjua kwa karibu. Mwezi uliopita nilipima damu. Nikaambiwa sukari iko juu ya kawaida, ingawa haijafikia kuitwa kisukari. Daktari akaniuliza umri, nikamtajia, akatikisa kichwa. Mke wangu siku hizi ananipa chai bila sukari, na msikitini nakwenda kwa miguu.