Nani Apewe Hadithi ya Jini Mahaba?

Oktoba mwaka jana, wenzangu ninaosoma nao Kiswahili hapa Dar es Salaam walikubaliana kwamba kila mmoja wetu apendekeze riwaya moja ya kusomwa kabla ya Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, ambao vijana wa mjini siku hizi huusherehekea kwa kuvaa vinyago. Masharti yalikuwa machache. Riwaya iwe ya mjini na ya siku hizi, iwe na jini, mzimu, mnyonya damu au mtu anayegeuka mnyama, na kama ndani yake kuna mapenzi, basi ni bora zaidi. Wiki mbili zikapita sijataja kitabu. Wakanitania: "Wewe mtu wa Palma, kwenu majini yamejaa pwani nzima, unakosaje hadithi?"

Sikukosa hadithi. Nilikuwa na swali, na insha hii ni jaribio langu la kulijibu: je, ni halali kumpendekezea mtu hadithi ya kutisha kwa ajili ya starehe, ikiwa mtu huyo hofu yenyewe ameiishi?

Naomba nieleze kwa nini swali hili kwangu si la darasani tu. Kwetu, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Oktoba ina maana nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 ndipo Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na vita vikaanza. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mimi nilitoka kwa mashua hadi Pemba, tukashushwa ufukweni Paquitequete pamoja na mamia ya wengine. Mtoto wa mama yangu mdogo hakutoka nasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichukuliwa, akarudi baada ya miezi saba. Zaidi ya hapo si langu kusimulia. Leo tunaishi naye kwa shangazi yetu hapa Dar es Salaam, na kila kitabu ninacholeta nyumbani anakisoma.

Wenzangu walikuwa na jibu lao, na si jibu baya. Walisema hadithi ni hadithi. Hofu ya kitabuni ina jalada, ukichoka unaifunga. Wala hakuna aliyelazimishwa kusoma. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, kwa sababu nimelelewa na hadithi za aina hiyo. Bibi yangu alitusimulia usiku juu ya mkeka, kibatari kikiwa kimepunguzwa, habari za mwanamke mwenye kwato aliyekutwa njiani na za mbuyu usiopitwa saa sita ya mchana. Tulijikunyata, tukashikana mikono, na hadithi ilipokwisha tulicheka na kuomba nyingine. Nadhani tulikuwa tunajifunza kwamba hofu inaweza kuwa na mwisho. Jambo hilo ni kubwa kwa mtoto, na baadaye nililihitaji sana.

Lakini hadithi haikai kitabuni siku zote. Mwaka 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe, mkoani kwetu, simba waliua watu wengi. Wengi waliamini kwamba wale hawakuwa simba wa porini tu, bali wametengenezwa na watu, na baadhi ya walioshukiwa wakauawa na majirani zao. Mwaka 1995, Unguja na kisiwa cha Pemba (si Pemba mji mkuu wa mkoa wetu) zilikumbwa na hofu ya Popobawa, na mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akauawa na kundi la watu mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Na Oktoba ileile ya 2017 iliyotuletea vita, kusini mwa Malawi ulizagaa uvumi wa wanyonya damu. Watu kadhaa waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe.

Mwenzangu mmoja alinipinga hapa. Alisema huo ni uvumi, si riwaya. Uvumi unakutaka utoke nje na panga, riwaya inakutaka ukae kitini. Ni kweli, na tofauti hiyo ni ya msingi. Hata hivyo, uvumi na riwaya vinashirikiana jambo moja: vyote vinatufundisha mahali pa kumtafuta dubwana. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, kuna mauaji penye mzimu wa wahenga, na watu wako tayari kuilaumu mizimu, lakini Bwana Msa anakataa kuacha kufikiri, anamtafuta binadamu aliyefanya kazi ile. Msomaji anapata ubaridi wa mgongoni, kisha anarudishiwa akili yake. Kitabu kama hicho nampa mtu yeyote bila wasiwasi.

Ugumu wangu ulikuwa kwenye lile sharti la mwisho, la mapenzi.

Mwaka 2005 Stephenie Meyer alitoa *Twilight*, riwaya ya mnyonya damu anayependana na msichana wa shule, na vijana wa dunia nzima wakaisoma. Mwaka uleule, Mussa Banzi wa hapa Tanzania alitoa filamu ya *Shumileta*, inayomhusu jini wa kike anayempenda mwanamume wa kibinadamu. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Sisi watu wa pwani tuna jina lake tangu zamani: jini mahaba. Lakini linganisha. Katika *Twilight*, kijana anaingia chumbani kwa msichana usiku na kumtazama akiwa amelala, naye hajui. Mwandishi anataka tuone huo ni upendo mkubwa. Katika hadithi za Bibi, jini mahaba naye huja usiku bila kualikwa, lakini hakuna aliyeita jambo hilo mapenzi. Niliwahi kumuuliza, nikiwa na miaka kama kumi:

"Bibi, kwani yule jini hampendi?"

"Anampenda, mjukuu wangu. Lakini yeye binti ameulizwa?"

Na hadithi yake haikuishia kwa binti na jini peke yao. Majirani walikuja, mwalimu wa madrasa akaja, kikafanywa kisomo usiku kucha, wanawake wakapika, na hakuna aliyemwambia binti kwamba amejitakia. Hapo ndipo naona hekima ambayo riwaya nyingi za siku hizi zimeipoteza. Wazee wetu waliliona kuwa ni balaa la kutolewa, na aliyepatwa wakamwona ni mtu wa kusaidiwa.

Sasa nirudi nyumbani kwa shangazi. Nilikuwa nimenunua, kwa muuza vitabu vya mitumba, riwaya moja iliyotafsiriwa kwa Kireno. Msichana anachukuliwa na mfalme wa watu wanaogeuka mbwa mwitu, anafungiwa ngomeni, na kufikia nusu ya kitabu anaanza kumpenda aliyemfunga. Imeandikwa vizuri, naungama kwamba mimi mwenyewe sikuiweka chini. Nilipoimaliza nikaificha chini ya godoro, mdogo wangu asiione. Nilijiambia kwamba namlinda.

Aliiona, bila shaka. Akaisoma kwa siku mbili, kisha akanirudishia mkononi.

"Dada, mbona humu ndani hakuna hata mtu mmoja anayekwenda kumtafuta?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kurasa mia tatu na zaidi bila kulitambua hilo. Msichana yule alikuwa na mama, alikuwa na mji, na baada ya sura ya tatu hawatajwi tena. Kisha akaongeza, bila hasira: "Usinifiche vitabu. Niambie tu kilichomo, nitachagua mwenyewe."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye swali langu, nikaona nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kumnyima mtu kitabu ni kumheshimu. Aliyechukuliwa miezi saba aliamuliwa kila kitu: ale nini, alale wapi, aitwe nani. Mimi nami, kwa nia njema, nilikuwa namwamulia asome nini. Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba hatari ya kitabu kile iko kwenye damu na meno. Yeye damu na meno havikumshtua. Kilichomuumiza ni uongo, ule unaosema kwamba mtu akifungiwa muda wa kutosha, kufungwa kwake kutageuka kuwa mapenzi.

Jibu langu basi ni hili. Ni halali kumpendekezea mtu hadithi ya kutisha, hata aliyeona ya kutisha, lakini kupendekeza si jambo jepesi kama tunavyolichukulia. Anayependekeza amechukua nafasi ya msimulizi, na msimulizi ana wajibu. Kwanza, aseme ukweli wa kilichomo, ili msomaji achague akiwa anajua. Pili, asiite mateka kuwa mpenzi kwa sababu tu mwandishi amemwita hivyo. Tatu, awepo. Bibi hakutuachia zimwi la hadithi yake na kwenda kulala. Alikaa nasi mpaka tulipocheka. Anayempa mtu orodha ya vitabu kisha akatoweka amefanya nusu ya kazi.

Wapo watakaosema kwamba ninaibebesha starehe mzigo mzito mno, kwamba mtu aliyechoka na vita ana haki ya kusoma upuuzi kama watu wengine. Ndiyo, anayo. Mdogo wangu mwenyewe anapenda hadithi za majini kuliko mimi. Sisemi anyimwe, nasema asidanganywe.

Mwishowe niliwapa wenzangu vitabu viwili badala ya kimoja. Cha kwanza si cha siku hizi wala si cha mjini kwao, wakanicheka: *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Kina jini Huria, na kina ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanaogeuzwa manyani kwa uovu wao. Lakini mwishowe wanarudishiwa ubinadamu wao. Huko kwetu wapo vijana waliochukuliwa kwa nguvu na kutiwa bunduki mikononi, na watu wakiwaona wamerudi hawajui kama wamerudi binadamu. Sijui kitabu cha Kiswahili kinachoniuliza swali hilo kwa upole zaidi.

Cha pili ni *Zoo City* cha Lauren Beukes wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka 2010. Humo, mtu aliyebeba hatia kubwa hujikuta ana mnyama asiyeachana naye, na mji wa Johannesburg unamtenga kwa kumwangalia tu. Zinzi ana mnyama wake mgongoni. Mpenzi wake, Benoît, ni mkimbizi kutoka Kongo aliyepotezana na mke na watoto vitani. Hakuna aliyemfungia mwenzake mlango. Kila mmoja anajua mnyama wa mwenziwe, na wamechagua kukaa pamoja.

Mdogo wangu nilimweleza vyote viwili, na kilichomo, hata sehemu ngumu. Akachagua cha pili. Kimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hajakizoea, kwa hiyo kila usiku baada ya chakula namsimulia sura moja kwa Kiswahili, yeye akiwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. Jana aliniuliza kama Benoît atampata mkewe. Nikamwambia bado tuko katikati. Akasema basi tuendelee, na taa tusizime kwanza.