Namba ya Ndoana

Ndoana zina hesabu ya kinyume: namba 12 ni ndogo, namba 6 ni kubwa. Hapa Amu, ukifunga ndogo na kipande chembamba cha ngisi, mshipi hautulii. Kila saa kitu kinagonga: vichangu, vitewa, watoto wa samaki. Utarudi ndoo imejaa, na nyumbani watakusifu. Ukifunga kubwa na kipande cha haja, huenda ukashinda baharini na kurudi mikono mitupu.

Watu husema samaki ni mjinga, kameza mwenyewe. Mimi sikubali. Nani atameza, tumeshaamua sisi tulipochagua ndoana, kabla mshipi haujagusa maji.

Lakini ndoana kubwa nayo si utakatifu. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume wakishakua. Ukivua wakubwa tu, unamaliza madume.

Basi hakuna namba isiyo na lawama. Ila mkubwa huenda ameshazaa. Mdogo hajapata hata hiyo bahati. Mimi nachagua 6. Lakini mimi sina watoto wanaosubiri ndoo, na aliye nao simnyoshei kidole.