Kuhesabu Mabehewa

Nikienda chuoni, daladala letu huvuka reli ya zamani upande wa Buguruni. Siku nyingi tunapita bila hata kupunguza mwendo. Siku nyingine honi husikika kwa mbali, mlinda geti hutoka kibandani na bendera yake nyekundu, kizuizi hushuka, na sote tunasimama: malori ya bandarini, bajaji, wasukuma mikokoteni, mwenye gari jipya la vioo vyeusi. Abiria huanza kulalamika. Konda hushuka kununua karanga. Mimi, ambaye pengine ninakikosa kipindi cha saa mbili asubuhi, hujikuta nimefurahi.

Furaha hiyo naijua vizuri. Huanza miguuni, kwa sababu ardhi hutetemeka kabla ya kuonekana kitu. Kisha hupita kichwa cha treni, kikubwa na chakavu, dereva akiwa ametoa kiwiko dirishani kama mtu aliyekaa barazani kwake. Kisha mabehewa: ya mafuta, ya makontena, mengine matupu kabisa, yakigonga viungo vya reli kwa mapigo ambayo sikio huanza kuyangojea. Kati ya behewa na behewa kuna upenyo, na kupitia upenyo huo unawaona watu wa ng'ambo vipande vipande: nusu ya bodaboda, mama mwenye beseni kichwani, mtoto, tena yule mama. Behewa la mwisho likipita kunakuwa na ukimya wa ghafla, na watu wa pande mbili mnatazamana kana kwamba mtu amewatambulisha.

Nimejiuliza kwa nini jambo hili linanipendeza hivyo, na jibu la kwanza nililolipata ni kwamba kule ni kusimamishwa kusikomdhalilisha mtu. Katika miji yetu tumezoea kusimamishwa ili mkubwa apite na msafara wake, na kila mmoja huwa anajua ni nani anayemngojea nani. Treni haina ukubwa wa namna hiyo. Chuma juu ya chuma hakishiki kama mpira juu ya lami, na treni yenye mzigo ikiwa katika mwendo huhitaji mamia ya mita, hata kilomita nzima, hadi isimame. Kwa hiyo hatuipishi kwa heshima. Tunaipisha kwa sababu yenyewe haiwezi kutupisha, na mwenye vioo vyeusi anangoja sawa na msukuma mkokoteni. Ni dakika tatu za usawa ambazo hakuna aliyezipigania.

Jibu la pili ni kwamba sitaki chochote kutoka kwa treni ile. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi wa uzuri, anashikilia kwamba kufurahia kitu kizuri hakuhitaji kukitamani wala kukimiliki. Nilipolieleza hili darasani nilijiona nimemaliza. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimemsoma Lucretius, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, anayeeleza utamu wa kusimama nchi kavu na kutazama wengine wakihangaika baharini katika dhoruba. Lucretius hasemi kwamba mateso yao ni matamu. Anachosema ni kwamba kuna utamu katika kutambua kuwa wewe huyamo. "Labda," akasema mwenzangu, "wewe unafurahia kwamba humo ndani."

Alilisema kama utani. Hakujua kwamba nimewahi kuwa ndani.

Mimi ni Mrundi. Nchi yangu haina reli, na wanafunzi wenzangu wa shule ya msingi kule Makamba walilijua garimoshi kwa picha ya kitabuni tu. (Kitabu kilisema garimoshi, Dar es Salaam sijamsikia mtu akisema hivyo.) Lakini mimi nilizaliwa Katumba, karibu na Mpanda, katika moja ya makazi matatu yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mengine ni Mishamo na Ulyankulu. Babu na bibi yangu walifika pale wakiwa vijana, wakapewa shamba, wakazaa. Miaka thelathini na mitano baadaye wakimbizi hao na uzao wao, zaidi ya watu 200,000, walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki. Baba na mama walichagua kurudi. Bibi alikataa. Alisema amezika mume na watoto wawili katika ardhi ile, na kwamba hatahama tena, hata kama panapoitwa nyumbani ni nyumbani.

Basi mwaka 2008, nikiwa na umri wa miaka sita, nilipanda treni kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika utoto wangu. Safari ilikuwa ya kwenda Kaliua, kisha magharibi kupitia Uvinza hadi Kigoma, na kutoka Kigoma kwa mabasi hadi mpaka wa Manyovu. Mengi nimesimuliwa. Lakini jambo moja nalikumbuka mwenyewe. Muda mfupi baada ya kuondoka tulipita mahali ambapo njia inakata reli, na pale palikuwa na watu wengi, hasa watoto, wakipunga mikono na kucheka. Mama alikuwa analia. Nilijaribu kumtafuta bibi katika umati ule nisimwone, na treni haikungoja. Kilichonibakia ni vile vicheko.

Niliwawekea kinyongo watoto wale kwa miaka mingi, kinyongo cha kitoto lakini cha kweli. Sisi tulikuwa tunang'olewa kama mihogo, wao walikuwa kwenye sherehe.

Mwaka juzi binamu yangu aliyebaki Katumba alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akalala kwangu wiki mbili. Usiku mmoja tukakumbuka mambo ya zamani, naye akasema, bila ubaya wowote, "Siku zile za treni za kurudisha watu zilikuwa tamu sana. Tulikuwa tunakimbilia relini kuhesabu mabehewa."

Nikamwuliza kama aliniona.

"Nikuone vipi? Tulikuwa tunahesabu."

Nilinyamaza. Kisha nikamwuliza habari za bibi, kama alikuja pale siku ile. Akasema alikuja. Alisimama karibu na nguzo, akapungia kila behewa, kwa sababu hakujua tulikuwa katika lipi. "Sisi watoto tulimwona anapunga, tukapunga. Tukadhani ndivyo inavyofanywa."

Sitaki kulipamba jambo hili kuliko lilivyokuwa. Vicheko vilikuwa vicheko. Watoto wale hawakuwa wakiomboleza pamoja na bibi kwa siri. Lakini tangu usiku ule sijui tena nimlaumu nani. Watu wawili wamesimama mahali pamoja, wanatazama mabehewa yale yale, mikono yao inafanya jambo lile lile, na mmoja anapoteza mwana na wajukuu wakati mwingine yuko kwenye kumi na moja, kumi na mbili. Kutoka dirishani huwezi kuwatofautisha. Mimi sikuweza.

Je, kutojua ni udhuru? Kwa watoto, nadhani ndiyo. Mtoto anayehesabu mabehewa hamchukulii mtu chochote. Swali ni gumu zaidi kwangu mimi wa Buguruni, kwa kuwa mimi najua. Najua kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya Burundi hupitia bandari hii, na ninapoona mabehewa ya mafuta namkumbuka shemeji yangu mwenye teksi Bujumbura, ambaye amewahi kulala kwenye foleni ya kituo cha mafuta siku mbili na kuondoka na tanki tupu. Najua pia kwamba mwenzangu wa kiti cha pembeni anayelalamika huenda anakwenda kumwona mgonjwa. Yeye ana haki ya kulalamika, na kutabasamu kwangu huenda kunamuudhi.

Mwenzangu wa Lucretius anadai kwamba nikishajua, furaha iishe; ikiendelea, ni ugumu wa moyo. Sikubaliani naye, na si kwa sababu ninajitetea tu. Hakuna treni isiyobeba kitu. Tukisema kwamba hairuhusiwi kufurahia kinachopita hadi tujue kimembeba nani na kimemwacha nani, basi hakuna atakayefurahia mvua, wala mashua inayotweka tanga, wala harusi ya jirani. Huo ni ukali unaojifanya huruma. Zaidi ya hayo, mtu anayejizuia kutazama hamsaidii aliye ndani. Kama siku ile watoto wa Katumba wangefungiwa majumbani kwa heshima ya huzuni yetu, tungepita mahali patupu, na mkono wa bibi ungekuwa mmoja peke yake.

Hata hivyo, Waswahili wanaposema macho hayana pazia, mimi naona wameeleza hali ya macho tu, hawajayapa ruhusa. Macho yatatazama. Kinachobaki mikononi mwangu ni kama nitakubali kukatizwa. Binamu yangu nilipomwuliza aliniona wapi, aliendelea kucheka kwa muda, kisha akaniangalia, akaacha. Aliacha mwenyewe, hakuna aliyemkaripia. Nikafikiri kwamba huo ndio tu ninaoweza kuudai kwa mtu yeyote aliyesimama kivukoni.

Kuna jambo jingine linalonifanya niandike haya sasa. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haikutani na barabara popote. Barabara hupita juu yake au chini yake, na kandokando kuna uzio. Nimeipanda, ni nzuri, ni ya umeme, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Sina hamu ya kuvililia vivuko vya zamani kana kwamba havijaua watu. Nimeona bodaboda wakiinama chini ya kizuizi huku kichwa cha treni kikiwa kimeshaonekana, na naelewa kwa nini wahandisi hawataki tena njia mbili zikutane. Reli inayotarajiwa kuunganisha Uvinza na Musongati, ambayo itaipa Burundi treni yake ya kwanza, nayo ni ya aina hii. Watoto wa kwetu wataitazama kupitia uzio, na kwa mwendo ule wataona mstari, si mabehewa. Huenda hawatakuwa na cha kuhesabu. Aliye ndani naye hatakuwa na umati wa kuutafuta uso ndani yake, na sijui kama hilo kwake ni hasara au nafuu. Kwangu mimi mwaka 2008 pengine ingekuwa nafuu. Leo nisingekubali kubadilishana.

Bibi alifariki 2019, akiwa raia wa Tanzania. Alizikwa Katumba kama alivyotaka, nami sijafika.

Wiki iliyopita tulisimamishwa tena. Ilikuwa treni ya abiria, ile ya jijini iendayo Pugu, na kwa mazoea nikaanza kuhesabu. Nilikuwa kwenye behewa la tano nilipomwona mtoto ameegemeza shavu dirishani, anatutazama sote kwa pamoja kama watoto wanavyotazama. Nikapoteza hesabu. Nikainua mkono, nikapunga. Mama wa kiti cha mbele akageuka kuona ninampungia nani, akatazama nje, na yeye akapunga. Sikuona kama mtoto alijibu. Dirisha lake lilikuwa limeshapita, kizuizi kinapanda, na konda anapiga bati kwa kiganja ili waliokuwa chini warudi ndani.