Rafiki Njiani, Rafiki Madukani

I. Swali

Wazee husema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mithali hiyo ni ya kweli, na hata watoto waijua. Lakini liko swali ambalo mithali haikulijibu. Siku isiyo ya dhiki, siku ya soko na fedha mkononi, rafiki hutambulikana kwa nini? Wako watu waliovumilia njaa na ugonjwa pamoja, kisha urafiki wao ukapasuka kwa safari moja ya madukani, wala hakuna aliyeibiwa, wala hakuna aliyepigwa. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Batizo yampasa kulifikiri swali hili. Maana Mungu hatazami matendo ya siku za shida tu. Atazama na matendo madogo ya siku za kawaida.

Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, ni mahali pa kujifunza neno hili. Dhahabu ya Namoya, iliyo karibu, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1930. Mgodi wa mashine ulirudi kutoa dhahabu ya biashara mwaka 2016, ukasimama mwaka 2019. Lakini wako pia wachimbaji wa mikono, wenye sururu na karai. Na penye dhahabu hapakosi maduka: vikwembe, redio, viatu, simu, sabuni, chumvi. Kando ya wachimbaji wako wakulima wa mpunga na muhogo. Fedha ya dhahabu yaweza kuja kwa siku moja na kwenda kwa siku moja. Fedha ya mpunga hungojewa miezi. Basi watu wawili wakienda dukani pamoja, mmoja na fedha ya shimo, mwingine na fedha ya shamba, njia yao ni moja, lakini mwendo wao si mmoja.

II. Mfano

Mkulima mmoja na mchimbaji mmoja walikuwa marafiki tangu utoto, tangu siku za kutega panya pamoja porini. Mchimbaji alibatizwa akingali mtoto. Mkulima alikuwa mkatekumeni, naye alitumaini kupokea Batizo siku ya Pasaka. Wakapatana kwenda Salamabila siku ya soko. Mkulima aliifurahia safari hiyo juma zima, si kwa ajili ya maduka, bali kwa sababu alikuwa na neno moyoni: alitaka kumwomba rafiki yake awe baba yake wa Batizo. Akawaza: «Nitamwambia njiani, au tutakapokaa kula.»

Wakatoka alfajiri, mkulima na kikapu cha mchele kichwani. Njiani mchimbaji alisema habari za mashimo na bei ya dhahabu, wala hakunyamaza hata kidogo. Walipofika, dhahabu yake ikapimwa katika mizani ndogo, akapokea fedha. Tangu hapo hakutulia. Aliingia duka hili, akatoka, akaingia lile. Akanunua redio, akanunua viatu, akashika simu hii na ile. Mkulima, aliyekwisha kuuza mchele wake, alifuata nyuma, akibeba vitu vya mwenzake.

Kwa mwuza majembe mkulima akasimama, akaomba apunguziwe bei. Mchimbaji akacheka mbele ya watu, akasema: «Mwuzie tu, ndugu. Huyu hesabu zake ni za mpunga.» Wote waliokuwapo wakacheka. Adhuhuri mchimbaji akakutana na wenzake wa shimoni, akaketi nao kunywa. Akamnunulia mkulima chupa moja ya soda, kisha akampa mgongo mpaka jua likapunguka.

Jioni wakarudi. Mkulima alikuwa na jembe, na chumvi, na neno lake lilelile halijasemwa. Penye njia panda mchimbaji akasema: «Haya ndugu, tumetembea vizuri.» Mwenzake akajibu: «Vizuri.» Wakaachana.

III. Kosa li wapi?

Amri za Mungu zikihesabiwa moja moja, mchimbaji aweza kusema: «Sikuiba. Sikusema uwongo. Fedha ni yangu, nimeipata kwa jasho. Tena nimempa kinywaji.» Yote ni kweli. Lakini sala ya maungamo katika Misa haitaji maovu yaliyotendwa tu. Yataja na mema yaliyoachwa. Mchimbaji hakumwibia rafiki yake kitu. Alimnyima neno moja: kuhesabiwa kuwa yupo. Siku nzima alikuwa na mtu kando yake, akamfanya kuwa mkono wa kubebea mizigo, na mbele ya mwuza majembe akamfanya kuwa kichekesho.

Aristoteli, mwenye hekima wa Wayunani aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristu, alipambanua urafiki wa namna tatu. Wako wapendanao kwa faida: faida ikiisha, urafiki umekwisha. Wako wapendanao kwa furaha: mchezo ukiisha, kila mtu ashika njia yake. Na wako wapendanao kwa wema, kila mmoja akimtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake mwenyewe. Urafiki huo wa tatu ni adimu, tena wahitaji siku nyingi za kuishi pamoja. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifuata fundisho hilo, akaeleza ya kuwa kupenda ni kumtakia mtu mema. Lakini nani aweza kumtakia mwenzake mema asiyoyajua? Na atayajuaje asipouliza?

Tena yafaa kukumbuka kwamba maduka hupangwa ili macho yavutwe. Si Salamabila tu. Huko Nairobi, katika jumba la Sarit Centre lililofunguliwa mwaka 1983, maduka mengi yamekusanywa chini ya paa moja, na watu wengine huingia humo kutembea tu na rafiki zao. Hapo pia rafiki aweza kusahauliwa mbele ya kioo cha viatu. Vitu si viovu, maana Mungu ameumba ulimwengu mwema. Lakini kitu hakina moyo wa kungojea, mtu anao.

Je, mkulima hana kosa? Analo, tena si dogo. Alitaka rafiki yake asome neno lililofichwa moyoni mwake, na kusoma mioyo ni kazi ya Mungu. Alipochekwa hakusema kwamba ameumia. Walipoachana alisema «vizuri», na haikuwa vizuri. Kisha usiku, alipolala kitandani, akaanza kuhesabu: redio, viatu, chupa za wale wenzake wa shimoni. Huzuni ya kusahauliwa yaweza kuwa safi. Lakini ikianza kuhesabu viatu vya mwenzake, imekwisha kuingiwa na wivu.

IV. Njia ya Emau

Evanjili ya Luka, sura ya 24, yasimulia habari za wanafunzi wawili waliotoka Yeruzalemu kwenda Emau, mwendo wa kilometa 11 hivi. Walikuwa na huzuni, maana tumaini lao lilikuwa limevunjika. Yezu aliyefufuka akawakaribia, akatembea nao, wasimtambue. Yeye alijua yote yaliyotukia Yeruzalemu kuliko mtu ye yote. Hata hivyo hakuanza kwa kusema habari zake. Aliwauliza kwanza wanazungumza nini. Nao hawakujibu «vizuri». Walimweleza yote: walivyotumaini, na walivyohuzunika. Ndipo akawafumbulia Maandiko, mioyo yao ikawaka ndani yao.

Hapo zaonekana kazi mbili za marafiki waendao njia moja: mmoja aulize, na mwingine aseme. Siku ile ya Salamabila iliharibika kwa sababu mmoja hakuuliza, na mwingine hakusema. Aliyenyimwa swali asingoje milele. Bwana wetu, katika Evanjili ya Matayo, sura ya 18, amefundisha ya kuwa ndugu akikosa, aliyekosewa amwendee, waseme wao wawili peke yao. Hakusema aende kwanza kwa majirani kumsimulia.

Basi, katika mfano huu, mkulima akamwendea mchimbaji siku ya tatu. Akasema: «Ndugu, siku ile ulinicheka mbele ya watu, nami niliumia. Tena nimekuonea wivu, nakuomba unisamehe. Nami nilikuwa na neno, sikulisema.» Mchimbaji akatazama chini. Kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza njiani: «Neno gani?» Mkulima akamwambia.

Mchimbaji akakaa kimya kitambo kirefu. Mwisho akasema: «Nililijua. Nilikuwa naogopa utaniuliza. Tangu nianze kushinda mashimoni sijaungama, wala sijapokea Komunyo. Ndiyo sababu nilisema njia nzima bila kunyamaza.» Na kweli, Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni ya 874, yataka baba au mama wa Batizo awe mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, mwenye kuishi kama imani itakavyo, tena, kwa kawaida, awe ametimiza miaka 16. Mchimbaji hakuweza kusema ndiyo siku ile. Alisema jambo lingine: «Jumamosi nitakwenda kwa Padri. Twende wote.»

Kwenda kwa Padri si mbali kuliko kwenda Salamabila. Lakini katika njia hiyo hapakuwa na redio ya kubeba, wala neno la kuficha.

V. Maswali na majibu

Swali: Je, ni dhambi kwenda madukani na kununua kwa fedha iliyo halali?
Jibu: Si dhambi. Ni vibaya kumsahau mtu kwa ajili ya kitu, na kumwaibisha mbele ya watu.

Swali: Rafiki wa kweli hutambulikana kwa nini siku ya neema?
Jibu: Kwa kuuliza neno la mwenzake, na kungoja jibu.

Swali: Aliyesahauliwa na rafiki afanye nini?
Jibu: Aupime moyo wake usiwe na wivu, kisha amwendee rafiki yake, amwambie kweli peke yao.

Swali: Mkatekumeni amchague nani kuwa baba au mama wa Batizo?
Jibu: Asimchague kwa redio yake wala kwa viatu vyake. Amchague mkristu awezaye kutembea naye katika imani, na kumwuliza habari za roho yake.