Nani Alimfundisha Nani?

Je, zawadi inayomnufaisha mtoaji kuliko mpokeaji bado ni zawadi? Swali hili hunijia kila ninaposoma wasifu wa Mmarekani aliyewahi kufundisha Afrika kwa kujitolea.

Mfano maarufu ni Reed Hastings. Kati ya 1983 na 1985 alifundisha hisabati Swaziland, leo Eswatini, kupitia Peace Corps. Mwaka 1997 akashiriki kuanzisha Netflix, na amewahi kueleza kwamba baada ya kuzunguka Afrika na pesa kidogo mfukoni, kuanzisha biashara hakukumtisha. Paul Theroux alifundisha Malawi, kisha Makerere, na miaka hiyo ikamzalia riwaya. Hata asiye maarufu harudi mikono mitupu: kwa muda fulani baada ya kumaliza, anaweza kuajiriwa na serikali kuu ya Marekani bila kupitia ushindani wa kawaida.

Shuleni kwetu alikuwepo mmoja, wa fizikia. Alikaa miaka miwili. Alipoondoka, vipindi vyake vilibaki wazi mpaka tukafanya mtihani wa kidato cha nne. Leo ni mkurugenzi huko kwao. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, aliyetaka kuwa mhandisi na hakuwa, husema: "Sisi tulikuwa ngazi."

Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Waliopaswa kutuletea mwalimu mwingine walikuwa watu wetu wenyewe. Tena faida peke yake haiharibu wema. Anayekwenda kumlimia jirani kwa ujima anajua kwamba kesho shamba lake nalo litalimwa, na hatumwiti mnafiki. Kinachoharibu wema ni hesabu ya upande mmoja.

Tukihesabu pande zote, sisi pia tulifundisha. Wanafunzi wa kidato cha pili walimsahihisha mpaka akaacha kusema "mimi ni njaa". Mwalimu wa taaluma alimwonyesha namna ya kulishika darasa la watu themanini kwa chaki moja. Mama muuza maandazi alimfundisha kwamba salamu haina haraka. Hakuna aliyelipwa wala kupewa cheti. Kazi ya namna hiyo Kiswahili kinaiita kujitolea.

Kwa hiyo deni la anayerudi si kututumia pesa, wala kukionea aibu cheo chake. Deni lake liko kwenye masimulizi. Tangu Peace Corps ianzishwe mwaka 1961, moja ya malengo yake matatu ni Wamarekani kuwaelewa watu wa mataifa mengine. Lengo hilo hutimizwa nyumbani, kwenye usaili wa kazi na mezani wakati wa chakula. Akiulizwa alifanya nini Afrika, anaweza kusema aliwasaidia maskini. Hapo rafiki yangu atakuwa na haki: tutakuwa ngazi. Au anaweza kusema kwamba alikuwa na walimu, na aeleze walimfundisha nini. Jibu hilo halitampunguzia mshahara hata senti moja.