Mgeni Mlangoni: Imani Inayofunzwa Safarini

Utume, kwa maana ya neno lenyewe, ni hali ya kutumwa. Anayetumwa hubeba ujumbe, na kwa hiyo safari ya misheni huhesabiwa kuwa safari ya kutoa: kuhubiri, kuombea wagonjwa, kugawa vitabu. Sura ya 10 ya Injili ya Luka haiielezi hivyo tu. Wanafunzi wanaotumwa humo wanaondoka bila mfuko wala viatu, wanaingia nyumba ya mtu wasiyemjua na kula watakachopakuliwa. Wanahubiri, naam, lakini wanahubiri wakiwa na deni la chakula. Funzo la imani linalopatikana njiani huanzia kwenye deni hilo.

Makadara, mashariki mwa Nairobi, deni hilo hukopwa kila kanisa linapotoa watu kwenda mlango kwa mlango. Kundi linatoka upande wa Jogoo Road Jumamosi asubuhi, linaingia Kaloleni, Maringo au Mbotela. Hodi inapigwa. Mama mwenye nyumba, mikono ikiwa na povu la sabuni, anajifuta kwa leso, anasogeza stuli, kisha anamnong'oneza mtoto akimbie dukani akalete soda. Wageni wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba pesa hizo huenda zilikuwa za unga wa jioni. Mmoja anasema mama asijisumbue, wamekunywa chai. Mama anacheka. Mtoto ameshafika dukani.

Kukataa hapo hufanana na huruma, na mara nyingine ni huruma kweli. Mara nyingi zaidi ni namna ya kubaki juu. Anayetoa bila kupokea hujiweka mahali pa mwenye nacho, na mwenzake huachiwa nafasi moja tu, ya mhitaji. Neema, kadiri Ukristo unavyoifundisha, ni kupewa usichostahili. Mhubiri wa neema anayeshindwa kupokea chupa ya soda anasomesha somo ambalo yeye mwenyewe hajalifanyia mtihani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Luka anaacha nafasi ya mgeni naye kupona.

Isitoshe, mgeni huyo mara nyingi si wa kwanza. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Baba yake, James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, alitokana na jamii ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana karibu na Mombasa mwaka 1875. Anayebisha hodi katika mtaa wenye jina hilo akidhani analeta habari mpya amechelewa kwa vizazi kadhaa.

Historia ya misheni Afrika Mashariki ina mifano ya wajumbe waliofunzwa na wenyeji. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe mwaka huohuo, kisha akahamia Rabai akiwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi ya magharibi. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuamini alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Ramani ilikuwa ya bara zima. Aliyeitikia alikuwa mlemavu mmoja. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church alifika Kampala akitokea Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho wa walokole uliokuja kuenea hadi Kenya hukumbuka mkutano huo kama moja ya chemchemi zake.

Sura hiyohiyo ya 10 ya Luka ina mfano wa Msamaria mwema, unaotokea kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Makadara ina mitaa ya Jerusalem na Jericho, majirani wa kutembeleana kwa miguu, na wahubiri wa huko wana bahati ya kuwa na njia hiyo mlangoni. Kuhani na Mlawi walikuwa watu wa dini, lakini walipita kando. Msamaria hakutumwa na yeyote. Alichokuwa nacho ni macho ya kumwona aliyelala njiani, na muda wa kusimama.

Linabaki tatizo la ushuhuda. Funzo likishapatikana husimuliwa, na katika kusimuliwa mama wa soda hugeuka kielelezo: maskini mkarimu, asiye na jina, anayetajwa ili msimulizi aonekane ameguswa. Huo ni wizi mdogo. Walokole walikuwa na dawa yake, ijapokuwa nao walilaumiwa kwa kuanika mno mambo ya siri: ushuhuda ulianza na dhambi ya msemaji, si na hali ya mtu mwingine. Kwa kipimo hicho, kinachostahili kusimuliwa ni kiburi cha yule aliyesema amekunywa chai. Misheni ya mbali huficha wizi huo, kwa sababu mwenyeji hayupo kusikia. Makadara haifichi. Jumapili, msimulizi anaposhika maikrofoni, mama yule huenda ameketi benchi la tatu kutoka nyuma, na mtoto aliyetumwa dukani yuko shule ya Jumapili, chumba cha pili.