Je, Fundi Ana Haki ya Kupakia Abiria?

Uingereza wako watu wanaonunua gari likiwa vipande vipande, kisha wakaliunda wenyewe nyumbani. Gari lililopata sifa zaidi kwa mtindo huo ni Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957: gari dogo la mbio, la watu wawili, lenye uzito wa karibu nusu tani. Kodi iliyotozwa magari mapya wakati ule haikuwagusa walionunua vipande, kwa hiyo aliyekuwa na spana na subira alipata gari kwa bei nafuu. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki ya kuliendeleza. Wengi wenye magari ya aina hiyo huyatoa siku za jua tu. Wachache huyatumia kila siku, kwenda kazini na sokoni. Hao wachache ndio walioniletea swali la insha hii: kitu ulichokiunda kwa mkono wako, una haki ya kukitumia kila siku na kumpakia mwenzako ndani yake?

Kwetu swali hili si la watu wenye nafasi ya kucheza. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kusini mwa Kismayu kuelekea Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya: Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo. Anayetoka kisiwani hana barabara. Mgonjwa, bibi harusi na gunia la unga, vyote hupita juu ya maji. Na chombo chenyewe kimeundwa ufukweni na fundi anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Mkuku, mataruma na mbao ni kazi ya mkono wake. Misumari na mashine vimetoka ng'ambo. Basi gari la yule Mwingereza na mashua ya Mbajuni ni ndugu, nusu dukani nusu nyumbani. Tofauti ni kwamba Mwingereza akiliogopa gari lake atapanda basi.

Wapo wanaosema kazi ya mkono ihifadhiwe, isichakazwe kwa safari za kila siku. Hoja hii ina uzito, lakini historia yetu inaijibu. Wabajuni walisifika kwa mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mtepe wa mfano uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, na mwezi Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaanguka. Hata kuhifadhi, basi, si salama. Lakini jambo kubwa zaidi ni hili: kamba za mtepe zililegea kwa safari, na kwa kuwa zililegea, ilibidi zishonwe tena. Kila ukarabati ulikuwa somo kwa kijana aliyeshika kamba. Safari zilipokoma, mikono nayo ilisahau. Kwa hiyo matumizi ya kila siku hayaili ufundi, yanaulisha.

Kama swali lingekuwa la fundi peke yake, ningeishia hapo. Lakini ndani ya chombo kuna abiria, naye hakuona msumari ulipopinda wala ubao ulipopasuka. Serikali nyingi hujibu kwa kuweka mkaguzi. Uingereza, tangu 2009, gari lililoundwa nyumbani hupitia ukaguzi wake maalumu kabla ya kuruhusiwa barabarani. Hilo ni jambo jema. Lakini watu wa pwani yetu wangemwendea mkaguzi gani baada ya Januari 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka? Familia nyingi za Kibajuni zilikimbilia Lamu na Mombasa kwa vyombo vilevile vya kuundwa nyumbani. Tena ukaguzi peke yake hautoshi. Spice Islander I ilikuwa meli ya chuma, iliyoundwa kiwandani na kusajiliwa, nayo ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Karatasi hazikuelea.

Pasipo mkaguzi, watu wetu wamezoea kuangalia jambo moja: je, fundi mwenyewe anakipanda chombo chake, na wanawe je? Ni kipimo kizuri, maana anayesafiri kesho kwa kazi ya jana hana sababu ya kufanya kazi mbovu. Hata hivyo naona kina kasoro. Mazoea hupofusha. Mtu aliyekumba maji ya ngama kila asubuhi kwa miaka kumi hayaoni tena kuwa ni maji. Anayaona ni sehemu ya safari. Na ujasiri wake ni mali yake. Hawezi kunigawia mimi niliyekaa nyuma nimeshika kapu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa mashua Chula. Mama husimulia kwamba kabla ya kushua chombo alimwita kila mgeni, akamwonyesha ubao unaovuja, kisha akampa upo mkononi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mzaha wa mabaharia. Leo naona ndani yake kuna kanuni: mwenye kujua kasoro asibaki nayo peke yake. Aliyeonyeshwa ubao na kupewa upo amekuwa mshirika katika hatari, na anaweza kusema, "Hapana, leo sisafiri."

Lakini je, asiyeweza kusema hapana? Mama mwenye watoto watatu, anayekimbia risasi, ukimwonyesha ubao unaovuja umemwongezea hofu tu. Atapanda. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona kwamba ridhaa ya abiria inamaliza deni la fundi. Kadiri abiria anavyokosa njia nyingine, ndivyo deni linavyomrudia mwenye chombo. Abiria asipoweza kukataa, sharti fundi akatae kwa niaba yake: akatae kuongeza mtu wa ishirini, na akatae nauli yake, ijapokuwa nyumbani hakuna chakula. Kukataa huko ni kuzito, kwani anayeachwa ufukweni naye ana roho. Ndiyo maana siwezi kusema kanuni hii ni nyepesi. Nasema tu kwamba mzigo wa kuamua ni wa yule anayejua mbao zake, wala asimtwike asiyezijua.

Jibu langu, basi, ni ndiyo. Fundi ana haki ya kupakia abiria, iwe ni gari la spana au mashua ya misumari, kwa masharti matatu: akipande mwenyewe, aseme kinapovuja, na ajue kiasi cha kupakia hata pale abiria anapomwomba azidishe. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nauelewa msemo huo hivi: hata tungezunguka chombo kizima kukisifu, mwishowe tutashuka kule chini, kwenye maji, kutazama yamefika wapi.